Mtoto aliyeandika “ule” badala ya “shule”: uchambuzi wa kisa kimoja cha Kisumu

Barua ya rufaa ilikuwa na mistari minne. Mvulana wa miaka 9, Gredi ya 3, shule ya msingi ya umma mtaani Nyalenda. Hasomi. Hafuati maagizo. Huzubaa darasani, na ukimuuliza swali hutabasamu tu. “Tunaomba apimwe ili ahamishiwe kitengo maalum.”

Kisa hiki nimekiunga kutokana na mambo yanayojirudia katika kazi ya kupima watoto ukanda huu wa ziwa, kwa hivyo msomaji asihangaike kutafuta ni mtoto gani au ni shule ipi.

Barua ile ilikuwa na jibu tayari. Mtoto ana nini hakuna aliyeuliza; kilichotakiwa ni muhuri ili aondoke. Simlaumu mwalimu wa darasa. Ana watoto karibu 70 chini ya paa la mabati, na kwenye ripoti kila muhula anamwandikia huyu “chini ya matarajio” katika karibu kila somo. Mwalimu mkuu naye anajua shule jirani ina kitengo, na kitengo kina mwalimu aliyesomea elimu maalum. Wote wawili walidhani wanamtendea mtoto mema. Ila watoto wengi wa kitengo kile wana ulemavu wa akili, tangu wa miaka 6 hadi vijana wanaokaribia kuota ndevu, na anayeingia huko Gredi ya 3 ni nadra kurudi darasa la kawaida.

Kenya ilianzisha vituo vya tathmini ya elimu mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na miaka miwili baadaye ikafungua Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, kule Kasarani. Mara nyingi kituo cha mashinani ni chumba kimoja ndani ya shule ya msingi: meza, kabati la mafaili, na afisa mmoja au wawili wanaohudumia eneo zima. Foleni ikiwa ndefu, kishawishi ni kumpa mtoto picha za kupanga na maswali ya kujibu, kuhesabu alama, kujaza fomu, na kumwita anayefuata. Lakini vipimo vya akili vya namna hiyo vinachukulia kwamba mtoto ameyasikia maagizo, ameziona picha, na anaielewa lugha anayoulizwa nayo. Ndiyo maana macho na masikio hutangulia, kisha historia ya afya, lugha ya nyumbani na mafundisho aliyokwisha kuyapata. Akili huja mwisho, kama bado kuna haja.

Macho yalichukua dakika chache. Kwenye chati ya herufi E, umbali wa mita 6, alionyesha kwa kidole upande ambao kila E imeelekea mpaka mstari wa 6/6, jicho la kulia na la kushoto. Hapo hakukuwa na neno.

Kilichofungua kisa ni madaftari yake. Huwa naomba ya masomo yote, hata yaliyochanika, maana ripoti hukueleza mwalimu anaonaje lakini daftari hukuonyesha mtoto anafanyaje. La huyu lilikuwa na mambo mawili yasiyopatana. Kurasa alizonakili kutoka ubaoni zilikuwa safi: herufi zimekaa mstarini, hakuna b iliyogeuka d, hakuna neno lililokatwa. Kurasa za imla zilikuwa nyekundu kwa kalamu ya mwalimu. “Shule” imeandikwa “ule”. “Samaki” ni “amaki”. “Shamba” ni “amba”. “Siku” ni “iku”, “saba” ni “aba”, “kifungo” kimekuwa “kiungo”. Kwenye kurasa hizo hizo “mama”, “nyumba”, “embe” na “ndoo” hazina kosa. Mahali pawili patatu i na u zimebadilishana.

Mwalimu alikuwa ameandika pembeni: “Lafudhi ya nyumbani.” Ni dhana ya mtu anayewajua wanafunzi wake, kwa sababu Dholuo haina sh, na watoto wengi wa huku husema “sule” na “samba” mpaka wazoee. Basi na tuipime dhana hiyo. Mtoto anayevutwa na lafudhi huweka sauti ya kwao mahali pa sauti ngeni, kwa hivyo angeandika “sule”. Huyu hakuweka chochote. Isitoshe, Dholuo ina s, tena nyingi tu, na hakuna Mjaluo anayeshindwa kuanza neno “samaki”. Kwa lafudhi, “amaki” haielezeki.

Tatizo la kusoma na kuandika la kuzaliwa nalo pia halikukaa vizuri hapa. Mtoto wa aina hiyo hukosea huku na huku: irabu leo, mpangilio wa herufi kesho, na hata kunakili humpa taabu. Makosa ya huyu yalikuwa ya aina moja, na yote yalikuwa ya sauti nyembamba, zile zinazotoka kama pumzi tu. Kulikuwa na jambo jingine dogo. Katika baadhi ya kurasa za imla f ilikuwepo, katika nyingine haipo. Nilipomuuliza mwalimu anavyosomesha imla, akasema siku nyingine husimama mbele, siku nyingine hutembea katikati ya madawati. F huonekana mdomoni, meno yanapogusa mdomo wa chini. S na sh hazionekani wazi kama f. Kwa hivyo siku mwalimu alipokuwa mbele mtoto aliiandika f kwa kuiona.

Mama yake huuza omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye. Tuliongea Dholuo, lugha anayoitumia kuwaza, na hapa nayaweka maneno yake kwa Kiswahili.

“Mwalimu, huyu mtoto anasikia,” alisema kabla sijauliza. “Nikimwita kutoka nje anakuja mbio. Redio ikipiga ngoma anacheza kuliko dada zake.”

“Na ukimtuma, mama?”

“Hapo ndipo tunakosana. Lazima nimshike kidevu aniangalie, la sivyo ataleta kitu kingine.”

“Usiku je, stima ikipotea?”

Akanyamaza kidogo. “Stima ikipotea haongei na mtu. Anaenda kulala. Tumekuwa tukisema anaogopa giza.”

Swali la stima naliuliza kila mara, na natamani kila mwalimu wa madarasa ya chini alijue. Mtoto anayesoma midomo bila mtu yeyote kujua hugundulika gizani. Kuhusu kuitwa, mama alikuwa mkweli kabisa. Jina likiitwa kwa nguvu, kinachosafiri mbali ni irabu, na irabu zina nguvu nyingi katika sauti nzito. Ngoma ni hivyo hivyo. Mtoto huyu alikuwa anasikia nusu ya lugha, na nusu hiyo ilitosha kuwaridhisha watu wote kwamba masikio yake hayana shida.

Historia ya afya ilikuwa fupi. Alipokuwa mchanga wa siku chache alipata homa na manjano, wakalazwa, akadungwa sindano kila siku kwa muda wa wiki mbili. Alitembea kwa wakati wake. Kuongea kulichelewa mpaka alipopita miaka miwili na nusu, na hata sasa nyumbani wanasema ana kithembe na kwamba ni wa kudekezwa. Hakuna degedege, wala usaha wa masikio. Maambukizi ya damu kwa mtoto mchanga, manjano kali, na baadhi ya dawa za sindano zinazotumika kuokoa maisha katika hali hiyo, ikiwemo gentamicin, zote zinajulikana kuweza kudhuru usikivu, na kwa dawa hizo zinazotangulia kuumia mara nyingi ni chembechembe za sikio la ndani zinazopokea sauti nyembamba. Sikutumia muda mrefu kutafuta ni ipi kati ya hizo. Jibu lisingebadilisha mpango, na lingempa mama mtu wa kumlaumu, pengine yeye mwenyewe.

Kabla ya kumtuma hospitali tulifanya jaribio ambalo halihitaji mashine. Daniel Ling, aliyejulikana kwa kazi yake ya kuwafundisha watoto wasiosikia kuzungumza, aliacha orodha ya sauti sita: m, u, a, i, sh, s. Kwa pamoja zinagusa ngazi zote za usemi, kutoka nzito hadi nyembamba. Unasimama nyuma ya mtoto, unatamka moja baada ya nyingine kwa sauti ya kawaida, ukibadilisha mapumziko ili asikisie, naye anapiga kofi akisikia. Alipiga kofi kwa m, u na a bila kusita. Kwa i alipiga, lakini nilipomwomba airudie akasema u. Kwa sh na s aliendelea kukaa kimya, ananisubiri. Mkanganyiko wa i na u, ule ule wa daftarini, una maelezo: sehemu nzito za irabu hizi mbili zinakaribiana, na kinachozitofautisha masikioni kiko juu zaidi, karibu na hezi 2,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti: namba ikipanda, sauti ni nyembamba zaidi).

Kliniki ya masikio katika hospitali ya rufaa ilitoa chati ya sauti ndogo kabisa aliyoweza kuisikia, kwa desibeli: namba ikiwa kubwa, anasikia vibaya zaidi. Masikio yote mawili yalikuwa karibu sawa: desibeli 20 kwa hezi 500, 30 kwa hezi 1,000, 55 kwa hezi 2,000, na 70 kwa hezi 4,000. Kipimo cha mfupa wa nyuma ya sikio kilifuata mstari ule ule, na ngoma ya sikio ilitikisika inavyopaswa, kwa hivyo tatizo lilikuwa la sikio la ndani, la kudumu. Ukijumlisha namba hizo nne na kuzigawa unapata kama 44, na kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani, ambapo 35 hadi chini ya 50 ni upotevu wa kadiri, anaingia humo. Mimi namba hiyo moja siipendi. Mtoto mwingine anaweza kuwa na 44 kila mahali, akasikia maneno yote kwa unyonge. Huyu alisikia vipande vizima na vingine havikufika kabisa, ndiyo maana alionekana msikivu na mjinga kwa wakati mmoja.

Yakabaki masuala mawili: akili, na mahali pa kusomea.

Kuhusu akili, mwalimu mkuu alitaka namba. “Mwalimu, hata kama masikio yana shida, si anaweza pia kuwa mzito?” Anaweza, na swali lake lilikuwa halali. Lakini ulemavu wa akili hauthibitishwi kwa alama za mtihani peke yake. Lazima pia mtu ashindwe kumudu maisha ya kila siku ya watu wa umri wake. Huyu, mama akienda kuchukua mzigo, huachiwa meza. Anapima omena kwa gorogoro, anapokea noti, anarudisha chenji, na wateja hawalalamiki. Darasani hesabu zake za kuandikwa ubaoni zilikuwa sahihi, zile za kusomewa ndizo alizoshindwa. Ndivyo itakavyokuwa ikiwa “saba” inakufikia kama “aba”.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ambao watu wa huku tungepaswa kuujua vizuri zaidi. Robert Sternberg na wenzake walifanya kazi na watoto 85 kijijini Usenge, kule Siaya ufuoni mwa ziwa. Waliwauliza kuhusu miti ya dawa ya kienyeji: ipi ni ya nini, hutumiwaje. Kisha wakawapa vipimo vya msamiati vya kishule. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika msamiati. Sisemi kwamba vipimo vya akili ni bure, nami huvitumia. Ninachosema ni kwamba ukimpima mtoto wa Nyalenda kwa maneno ambayo hajawahi kuyasikia yakiwa kamili, alama utakayopata ni ya maneno hayo. Kipimo cha akili kikaahirishwa, na sababu ikaandikwa kwenye faili ili asije afisa mwingine akadhani kilisahauliwa.

Kikao cha shuleni kilikuwa kigumu zaidi. Walikaa mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mwalimu wa kitengo, mama, na shangazi wa mtoto aliyekuja kumshikilia mama. Mwalimu wa kitengo ndiye aliyesema wa kwanza, na alisema kweli: hana cha kumpa mtoto huyu, maana kazi yake ni ya watoto wengine. Kitengo kikaondoka mezani ndani ya dakika tano, baada ya kuwa ndicho kiini cha barua.

Lakini likaja pendekezo jipya. Kwa kuwa sasa tunajua ni masikio, mwalimu mkuu alisema, si aende shule ya viziwi? Alitaja Nyang’oma kule Bondo na Mumias. Shangazi alikubali haraka. Mama akainamisha kichwa.

Hapa inabidi nieleze msimamo wangu, kwa sababu kuna watu wanaodhani kila anayemtetea mtoto abaki shule ya kawaida anadharau shule za viziwi. Mtoto asiyesikia usemi kabisa anastahili Lugha ya Ishara ya Kenya mapema, na shule ambapo kila mtu anaitumia inaweza kumfaa kuliko miaka mingi ya kukaa darasani akitazama midomo. Katiba ya 2010 inaitambua lugha hiyo, na kifungu cha 54 kinapotaja haki ya elimu iliyojumuishwa katika jamii kinaiwekea mpaka: kwa kadiri inavyopatana na maslahi ya mtu mwenyewe. Kwa hivyo swali ni maslahi ya huyu. Anasikia sauti nzito karibu kama mimi. Anaongea lugha mbili, kwa kithembe. Hajawahi kuvaa kifaa cha kusaidia kusikia hata siku moja. Kumpeleka bwenini kabla ya kujaribu kifaa na kiti cha mbele kungekuwa kufanya tena kile kile barua ya kwanza ilichofanya, ila kwa jina tofauti la shule.

Tukakubaliana abaki. Mwalimu mkuu alikubali kwa shingo upande na akaweka sharti: baada ya mihula miwili tukae tena. Sharti zuri. Ningeliweka mwenyewe.

Mpango haukuwa mrefu. Dawati la mbele, upande wa dirisha, ili mwanga uangukie uso wa mwalimu na usimwingie mtoto machoni. Mwalimu asiongee akiandika ubaoni. Imla isomwe akiwa amesimama mbele, na maneno mapya yaandikwe kabla ya kusomwa. Mvua ikinyesha juu ya mabati, kazi iwe ya kuandika, kwa sababu hata wanaosikia vizuri hawasikii chochote. Umbali nao ulielezwa kwa namba: mahali pa wazi sauti hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, na ingawa darasani kuta hurudisha kiasi, aliyekaa mita 4 anapata sauti dhaifu kuliko aliyekaa mita 1. Mwalimu wa darasa aliandika hilo kwenye daftari lake la maandalizi. Kusoma kulianzishwa upya tangu silabi za sa, sha, fa, dakika chache kila siku baada ya chai, na mwalimu wa kitengo akajitolea.

Vifaa vya masikio vilichukua muda. Mtoto aliandikishwa kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo husaidia waliosajiliwa kupata vifaa. Usajili wenyewe una fomu ya hospitali, na fomu ina sahihi, na sahihi ina foleni. Muhula mzima ulipita kwa kiti cha mbele peke yake. Inafaa kusema kwamba hata kiti peke yake kilibadilisha daftari: f ikarudi karibu kila mahali.

Baada ya kuvaa vifaa, s na sh zilianza kuonekana katika imla, kwanza mwanzoni mwa neno. Siku za mwanzo alivivua wakati wa mapumziko kwa sababu uwanja ulikuwa na kelele isiyovumilika, na hilo ni la kawaida: kifaa hukuza makelele pamoja na maneno. Tabasamu la kujibu kila swali limepungua. Sasa husema “rudia”, na walimu wengine wanaona amekuwa mjeuri.

Hajawa msomaji, hata hivyo. Tulipokaa tena baada ya mihula miwili alikuwa anasoma silabi kwa taabu, polepole mno kwa Gredi ya 4, na mwalimu mkuu akauliza kwa haki kabisa kama hapo sasa hatuna tatizo la pili, la kusoma lenyewe. Inawezekana lipo. Upungufu wa kusikia haumkingi mtu na lingine. Lakini mtoto huyu ameanza kusikia s akiwa na miaka 9 na ushee, na miaka mitatu ya kwanza ya shule alifundishwa sauti ambazo hazikumfikia. Ukimpima leo utapata pengo, na pengo hilo halitakuambia limetoka wapi. Kinachoweza kusema ni kasi yake akiwa anafundishwa vizuri. Kwa hivyo kila mwezi mwalimu wa kitengo anampa orodha fupi ya maneno, yale yale ya zamani na mengine mapya, anaandika tarehe, aliyoyasoma na aliyoyakosa. Mstari ukiendelea kupanda, ni deni la mafundisho linalolipwa. Ukikaa bapa kufikia mwisho wa mwaka, hasa kwa maneno yasiyo na s, sh wala f, atapimwa usomaji kwa Kiswahili na kwa Dholuo, na kipimo cha akili kilichoahirishwa kitafanywa kwa pamoja.

Kwa sasa kinachotusumbua zaidi ni betri. Ni zile ndogo za duara, na jozi moja hudumu wiki moja hadi mbili ikitumika kutwa. Muhula ukiendelea shule hununua kutoka fedha za matumizi madogo. Likizoni ni juu ya mama, na mwezi ambao omena ni haba vifaa hukaa kwenye kopo. Mwalimu mkuu, yule yule aliyetaka mtoto aondoke, ndiye aliyependekeza pakiti ya likizo inunuliwe kabla ya kufunga shule na mama aitilie sahihi.